Kipa Asiye na Binamu

Ukitoka Ngong Road ukaingia Woodley, pale ukuta wa zamani wa kanjo, yaani baraza la jiji, unapopinda, utakuta benchi la mbao na wanaume wanne wamelikalia kana kwamba wanalipwa. Hatulipwi. Philister, au Mathe, mwenye kibanda cha kahawa kilicho mbele yetu, anasema akipata mtu wa kutulipa tuondoke atamwombea dua. Anayekaa mwisho upande wa barabara ni Wambua, tunamwita VAR, kwa sababu jambo haliishi kwake mpaka alirudie pole pole kutoka mwanzo. Anayefuata ni Mwaura, au Landi, mwenye vyumba vya kupangisha kule nyuma ya Kenyatta Market na simu kubwa kuliko zetu zote. Kisha Jackton, jina la benchi Upepo, maana kila goli linalofungwa duniani yeye husema ni upepo. Mimi wananiita Karani. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya wakili, nikitengeneza chai, na tangu hapo inaaminika kwamba naweza kuandika barua ya Kiingereza. Basi ndio sisi. Na mwaka huu sisi wanne tumeendesha klabu ya mpira ya kisiwa ambacho hakuna hata mmoja wetu anayeweza kukionyesha kwenye ramani.

Ilianza ligi ya Uingereza ilipofungwa, tukabaki hatuna cha kugombania. Landi alikuwa anapekua simu yake, akaangukia mechi moja kwa moja kutoka nchi fulani ndogo katikati ya bahari ya baridi. Kamera ilikuwa moja, imewekwa juu ya gari. Mashabiki walikaa ndani ya magari yao na kupiga honi goli likiingia. Jumapili ya kwanza tulicheka sana, kwa sababu kondoo aliingia uwanjani na refa akamsindikiza nje kwa heshima. Jumapili ya pili tulicheka kidogo. Ya tatu, VAR alimshika Upepo kola kwa ajili ya ofsaidi, tukajua tumeshaingia.

Majina ya timu zao yalitushinda kutamka, kwa hivyo tukazipa yetu. Ile tajiri yenye jukwaa la kukalia tuliiita Karen. Ile ya bandarini inayocheza kwa viwiko tuliiita Ngara. Na ile ya mkiani, yenye jezi za kijani zilizofuliwa mpaka zikachoka, tuliipenda siku hiyo hiyo tukaiita Kenyatta Market. Kenyatta Market ni watu wenye kazi zao. Beki wa kushoto husambaza barua. Straika hufundisha hesabu. Kipa ni mwokaji mikate, na kipindi cha pili hupiga miayo waziwazi, maskini, kwa sababu aliamka kabla ya jogoo.

Kosa lililofuata ni langu na silikani. Jumatatu moja, baada ya Karen kutufunga vibaya, niliuandikia ukurasa wa klabu ushauri kuhusu kona. Mwisho nikatia sahihi: Kamati ya Ufundi, Woodley, Nairobi. Kwetu haikuwa uongo. Tulikuwa wengi, tulikuwa tumekaa, na kila mmoja aliamini anajua. Mwenyekiti wa klabu, mama mmoja ambaye pia huuza tiketi na kufua zile jezi, alijibu akashukuru. Tukaandika tena Jumatatu iliyofuata, naye akajibu tena. Kufikia katikati ya msimu alikuwa anamwambia kocha wake, "Nairobi wanasema hivi." Sisi nasi tukaanza kuja benchini Jumatatu tumechomekea shati.

Msimu uliisha na mechi ya Jumamosi, badala ya Jumapili kama kawaida. Kenyatta Market walitoka sare na Ngara, wakaponea kushuka daraja kwa pumzi moja. Kwa hivyo Jumapili hii ninayoisimulia tulikuwa hapo baada ya chakula cha mchana, kahawa ya tangawizi mkononi, tukijipongeza kama waliocheza. Simu yangu ikalia. Ilikuwa ni Mwenyekiti. Niliwasomea kwa Kiswahili.

— Anasema, "Ndugu zetu wa Kamati, asanteni kwa msimu. Kipa wetu anaacha, anahamia kisiwa kingine na mke wake. Nyinyi mmetutazama mwaka mzima. Kwa nini tunafungwa sana? Na je, mnaye kipa wa kutupendekezea? Tuna chumba, kazi ya asubuhi katika kiwanda cha samaki, na tiketi ya ndege. Bodi inakaa leo jioni."

Kisha kila mtu akaweka kikombe chini.

— Hiyo shida mimi naijua, alisema Landi. Hao watu kila mtu ako na nyumba yake. Mtu hana rent, atakimbia akienda wapi? Weka mpangaji mmoja tu kwa difensi. Mwisho wa mwezi ikikaribia utaona spidi.

— Wewe kila kitu ni rent, alisema VAR.

— Kwa sababu kila kitu ni rent.

— Ni upepo, alisema Upepo. Si mliona ile kona ya jana? Mpira ilitoka kwa kona ikarudi kwa kona.

VAR: Iliguswa.

Upepo: Na nani? Hakukuwa na mtu! Kisiwa ni kitu imekaa wazi pande zote. Hakuna flati, hakuna Ngong Hills, hakuna hata ukuta kama huu wetu. Upepo inaingia na mlango ya mbele inatoka na ya nyuma, na hakuna mtu ya kuiuliza inaenda wapi.

Landi: Lakini hiyo upepo inapiga timu zote mbili.

Upepo: Ndio maana nasema si upepo peke yake. Hicho kisiwa kinaegemea.

Landi: Kinaegemea aje?

Upepo: Maji ikijaa upande moja, ule mwingine unainuka. Hiyo ni sayansi. Angalia siku ingine vizuri. Kipindi cha pili hao watu wote hukimbia wakiteremka.

VAR: Wote? Timu mbili zinakimbia zikiangaliana, na zote zinateremka?

Upepo: Kila moja na wakati wake.

Philister alikuwa anaosha vikombe. Alisema hajawahi kusikia watu wazima wakiongea hivyo na hakuna hata mmoja ameonja pombe. Upepo akamwambia mambo ya ufundi hayana haraka.

— Ngojeni, alisema VAR, akainua kidole. Rudisha nyuma. Rudisha mpaka mwanzo kabisa. Hiyo nchi iko na watu wangapi? Wachache. Hao wote ukiwaleta Kenyatta Market hii yetu siku ya nyama, wataenea na viti vibaki. Si ndio?

— Ndio.

— Basi kila mtu ni binamu ya kila mtu. Sasa wewe ni beki. Straika anakuja. Unamwangalia, ni mtoto wa shangazi yako. Wiki ijayo dada yake anaolewa, na wewe ndio bestimeni. Utamwangusha?

Landi: Mimi ningemwangusha.

VAR: Wewe harusi hawakualikangi. Niache nimalize. Refa naye ni nani? Ni shemeji ya wote wawili. Na kipa? Kipa ndiye ako na shida mbaya zaidi, kwa sababu ni mwokaji. Kila mtu kwa hiyo uwanja ni kastoma. Akidaka penalti ya mtu Jumapili, Jumatatu huyo mtu ananunua mkate kwingine.

Nawaambieni ukweli, ilituingia. Upepo mwenyewe, ambaye hajawahi kukubali kitu kisicho na upepo ndani yake, alitikisa kichwa akasema eh. Ilionekana kwamba msimu mzima wa ligi kuu ya nchi ya watu umefafanuliwa na mtu aliyevaa ndala. Niliandika yote, binamu, harusi na mkate, nikatuma kabla sijapata akili ya kujizuia.

— Kwa hivyo wanataka kipa ambaye hana binamu, alisema Landi.

— Na hana kastoma, alisema Upepo.

— Mtu anatoka mbali kabisa, nilisema mimi. Mtu ambaye akidaka hakuna wa kumnunia.

VAR alikuwa anazungusha kikombe chake kwenye goti. Kisha akasema neno moja tu, tofauti na kawaida yake:

— Zedekiah.

Zedekiah Mutinda ni mtoto wa Syokimau, dada yake VAR anayelima kule Makueni. Alikuja kwa mjomba wake kuanza sekondari na hakurudi tena. Sasa ni kijana mrefu mwenye miaka ishirini na kitu, na ndiye kipa wa timu ya mtaa wetu, Woodley. Uwanja wao uko nyuma ya ukuta huu tunaouegemea. Tukiwa tumekaa, tunasikia filimbi ya refa. Jumapili hiyo walikuwa wanacheza mechi ya mwisho ya msimu, na kwa Zedekiah ilikuwa ya mwisho kabisa. Amepata kazi katika duka la jumla huko Ngara ya hapa Nairobi, kupanga na kubeba mizigo, na wenye duka wanafungua Jumapili. Alimweleza mjomba wake mezani bila kulalamika, akasema mpira ulikuwa mzuri, umetosha. VAR alitusimulia hayo wiki hiyo mara tatu, na kila mara alipofika kwenye neno "umetosha" alikohoa.

— Utamwambia kuhusu kisiwa? nilimuuliza.

— Simwambii, na hakuna mtu atamwambia. Nikimwambia halafu wakatae, ataniangalia aje tukikula? Wakikubali ndio atajua.

— Karani, andika, alisema Landi. Andika haraka kabla bodi ikae.

Niliandika kwamba Kamati ya Ufundi ina kipa. Ni kijana, ni mrefu, na katika nchi yao nzima hana binamu hata mmoja. Nikatuma. Tukaagiza kahawa nyingine, na kabla haijafika Zedekiah alikuwa ameshahama vinywani mwetu.

Landi: Hiyo chumba asikubali haraka. Aulize maji iko ndani ama nje.

Upepo: Anunue kofia ya masikio. Upepo ya huko inaingia kwa sikio moja, unasahau jina ya mama yako.

VAR: Samaki ndio inanisumbua. Huyo kijana ni mtu wa muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Atakula samaki asubuhi, mchana na jioni?

Landi: Si atazoea? Mimi nilizoea wapangaji.

Upepo: Na wakimpatia mke huko?

VAR: Hapana! Akioa tu, amepata mashemeji. Akipata mashemeji, amepata binamu. Tumerudi kwa mwokaji.

Philister alileta birika, akatutazama mmoja mmoja.

— Nyinyi mnapeleka mtoto wa watu kwa bahari, na yeye ako hapo nyuma anadhani kesho anaenda Ngara?

— Tunampandisha daraja, Mathe, alisema Landi.

— Mmempandisha mkiwa mmekaa.

Simu ikalia. Nilifungua nikiwa natabasamu, maana Mwenyekiti hajawahi kutukatalia kitu. Niliwasomea.

— "Habari njema sana. Bodi imefurahi, na lile jambo la mkate limetuchekesha kwa sababu ni kweli. Mtuambie tu kidogo. Anadaka vipi? Krosi anatoka golini au anabaki? Akifungwa goli la mapema, anakuwaje?"

Nikamtazama VAR. Landi pia akamtazama. Upepo alitazama mti wa jirani aone kama unatikisika.

— Haya, VAR, nilisema. Sema niandike.

— Andika… VAR alianza, akafuta mdomo. Andika anadaka.

— Hiyo tumeshasema. Krosi anatoka ama anabaki?

— Kwani wewe hujui?

— Mimi nitajua aje? Wewe ndio mjomba.

— Na Landi je? Ako na plot ingine hapo karibu na uwanja. Dirisha inaangalia goli.

— Hiyo dirisha ni ya mpangaji, alisema Landi. Na Jumapili mimi niko hapa na nyinyi. Mnatumia simu ya nani?

— Kwa nyumba huwa anadaka nini? aliuliza Upepo.

VAR alifikiria kwa bidii. Nilimwona akirudisha mkanda nyuma mpaka mwanzo kabisa.

— Kuna siku alidaka gilasi. Ilikuwa gilasi ya mgeni. Ilikuwa imeshapita meza, iko njiani kwenda chini. Akaidaka na mkono wa kushoto na juisi haikumwagika.

— Niandike gilasi?

— Usiandike gilasi.

Hapo ndipo kicheko kilipotuishia. Kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka, Zedekiah alipita mbele ya benchi hili na glavu zake kwapani. Zamani alikuwa anasimama. "Niaje wazee, leo tuko na gemu, mkuje." Nasi tulimjibu tutakuja, macho yakiwa kwa simu. Tulijua mguu anaotumia mwokaji wa nchi ya watu kupiga mpira wa goli. Tulijua beki wa barua aliumia goti gani. Siku hizi Zedekiah hupita tu, anasalimia, anaenda. Sijui ni lini aliacha kutualika. Nilijaribu kukumbuka nikashindwa, nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu aanze kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka.

Filimbi ikalia nyuma ya ukuta.

— Hiyo ni kipindi cha pili inaanza, alisema Philister. Si muende muone? Hata barabara hakuna ya kuvuka.

— Na kahawa? aliuliza Landi.

Philister aliinamisha birika. Hakikutoka kitu.

— Imeisha. Mnangoja nini ingine?

Nilimwandikia Mwenyekiti kwamba Kamati inaelekea uwanjani, na badala ya kumweleza tungemwonyesha kwa video, moja kwa moja, ajionee. Akajibu mara moja kwamba bodi imeshakaa mezani na inangoja. VAR aliposikia hilo alichomekea shati, ingawa haikuwa Jumatatu. Sote tukachomekea. Tulisimama pamoja, isipokuwa Upepo, ambaye alibaki peke yake upande mmoja, benchi likapinduka likamwangusha.

Njiani VAR alinishika mkono.

— Karani, mimi nimelea huyu kijana. Karo nimelipa. Kanisa nimempeleka. Akiwa na homa mimi ndio nilikesha. Lakini wakiniuliza anadaka aje…

Akaniachilia, akaongeza mwendo.

Uwanja wenyewe ni vumbi na nyasi za pembeni. Watu walikuwepo wengi kuliko nilivyodhani. Kulikuwa na akina mama waliotoka kanisani, vijana juu ya ukuta, na mzee mmoja aliyejiletea kiti chake. Hakuna aliyetusalimu, kwa sababu hakuna aliyezoea kutuona huko. Woodley walikuwa wanaongoza goli moja dhidi ya timu ya Kawangware, na Kawangware walikuwa wamewabana.

Tulikuwa ndiyo kwanza tunafika kwenye kona wakati krosi ilipopigwa. Zedekiah alitoka golini. Alitoka mapema, kama mtu aliyeambiwa siri, akapanda juu ya vichwa viwili, akauchukua mpira kwa mkono mmoja. Alipotua alikuwa ameshautuma kwa beki wa kulia, na watu walikuwa bado wako katikati ya kupiga kelele. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo ambacho hakikuwa ndani ya simu ya Landi.

— Anatoka! alisema VAR. Mmeona? Krosi anatoka! Andika anatoka!

— Landi, umeshika hiyo? niliuliza.

Landi alikuwa ameinamia simu. Kwenye kioo kulikuwa na kiduara kinachozunguka.

— Netiwaki inakuja. Ngoja. Inakuja.

Ikaja. Tukaiona meza ndefu, watu wazima watano wenye sweta nzito, na katikati yao mama mwenye nywele nyeupe aliyetupungia mkono kwa furaha. Huyo ndiye Mwenyekiti. Kumbe hata yeye hatukuwa tumewahi kumwona.

— Simameni vizuri, alinong'ona Landi. Hiyo ni bodi. Toeni kofia.

Tukavua kofia. Tukasogea karibu na goli ili kijana aonekane wazi, tukajipanga mstari kando ya chaki, mashati ndani, kofia zimeshikwa kifuani, VAR katikati. Landi aliinua simu mbele yetu kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema neno, kwa heshima ya wageni.

Mpira ulipigwa kutoka mbali. Haukuwa shuti. Kiungo wa Kawangware aliuondoa tu kwa kuchoka, ukaja ukidunda polepole, mpira ambao hata mimi ningeudaka. Zedekiah alipiga hatua moja mbele akafungua mikono. Halafu akatuona.

Macho yake yalitupita, kisha yakarudi. Yalienda kwa Landi, kwa Upepo, kwangu, yakafika kwa VAR na kofia yake kifuani, yakakaa hapo. Mikono ilikuwa bado imefunguka. Mpira ukadunda mara moja, ukapita kando ya kiuno chake, ukaingia golini bila haraka. Hakuugeukia.

Kawangware walipiga mayowe. Kwenye simu mtu mmoja wa bodi alisema kitu kwa lugha yao, mwingine akashusha kikombe.

— Asante, Nairobi, alisema Mwenyekiti. Tumeona.

— Hapana, ngojeni! nilipaza sauti kwa Kiingereza chote nilichonacho. Yeye hayuko hivyo! Hivyo sivyo anavyodaka!

— Kwa kawaida anadaka vipi? aliuliza. Hakuwa na ukali hata kidogo. Alitaka kujua, basi.

Nilikuwa na krosi moja. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa yangu, nami nilimpa yote. Nilimweleza jinsi alivyotoka mapema, vichwa viwili, mkono mmoja, beki wa kulia. Nilieleza kwa pupa, mkono mmoja ukionyesha hewani.

— Hilo ni zuri, alisema. Na mechi zingine?

Landi akanitazama. Nikamtazama Upepo, naye kwa mara ya kwanza hakutaja upepo. VAR alikuwa hata hasikii. Nikamwambia mama wa watu kwamba nimemwona mara moja tu, leo, sasa hivi. Bodi nzima ilinikazia macho. Kisha kiduara kikarudi kwenye kioo kikaanza kuzunguka, na sikujua kama ni netiwaki imekatika au ni wao wamekata.

Wachezaji walikuwa wanarudisha mpira katikati. Refa aliita, akapuliza filimbi, akaita tena, kwa sababu goli la Woodley lilikuwa tupu. Zedekiah alikuwa ametoka. Alikuwa anakuja kwetu kwa hatua kubwa, anavua glavu kwa meno, uso umemwisha rangi. Vijana wa juu ya ukuta walimzomea, wakamuuliza anaenda wapi. Hakuwasikia.

— Rudi kwa goli, Zedi, alisema VAR. Rudi, gemu haijaisha.

Zedekiah alifika mbele ya mjomba wake akasimama. Alitutazama sote kwa zamu, mashati yetu, kofia zetu, nyuso zetu zilizonyamaza, wazee ambao tangu amjue Mungu hajawahi kuwaona wakiinuka kwenye lile benchi wakaja kumtafuta. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

— Anko, alisema. Niambie tu. Nani amekufa?